Chora Mpaka

"Bi Mdomo, wenzetu wa Kusini leo wameamka na hamu ya moto," Mnara alisema redioni, kwa sauti ya mtu anayetafuta wa kupiga naye soga kabla ya chai ya saa nne.

Bi Mdomo alicheka. Kwingine jina hilo lingekuwa tusi, lakini hapa Makao Makuu ya Mamlaka ya Hifadhi lilikaribia kuwa cheo. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa Mamlaka. Kila asubuhi aliketi mbele ya redio katika chumba kidogo mwisho wa korido, kati ya stoo na choo cha wageni, akaziita hifadhi zote za nchi moja baada ya nyingine: za milimani, za nyikani, za ziwani, hata ile ya kisiwani ambayo mlinzi wake huitikia huku akipiga miayo. Zikishaitika, alizisomea kazi za siku kama zilivyotoka ofisini kwa Mkurugenzi. Kabla ya kubonyeza kitufe aliinamisha kichwa na kuomba maombi mafupi, yale yale kila siku: Bwana, linda kinywa changu. Alijua kwamba neno likishatoka pale halirudi. Huko mbali kuna watu watachukua bunduki, mapanga na ndoo, waende kulitenda.

"Moto gani tena, kaka?"

Mnara akamweleza. Alikuwa mkuu wa zamu wa Hifadhi ya Mlimani, mtu mrefu ambaye hata bila kupanda mnara wa ulinzi angeona mbali, na wakati huo alikuwa juu ya mnara. Aliona moshi ukipanda upande wa barabara, mstari mzima. Vijana wa Kusini walikuwa wanachoma mpaka wa ushoroba. Kazi safi, alisema, maana upepo ulikuwa unausukuma moto taratibu kuelekea mtoni.

Kicheko kilimkauka Bi Mdomo.

Ushoroba ule ulikuwa ukanda mwembamba wa matete na nyasi ndefu unaounganisha Hifadhi ya Kusini na ya Mlimani. Wanyama hupita humo kwenda kutafuta maji na kurudi. Kwa miaka mingi ulikuwa haujulikani ni wa nani, na Mamlaka ilikuwa imehangaika hadi serikali ikakubali uingie rasmi katika mtandao wa hifadhi. Kilichobaki kilikuwa kuchora mpaka. Ndivyo wao walivyoiita kazi hiyo: kuyapaka mawe ya mpaka rangi nyeupe, na palipokosekana jiwe kupaka kigogo cha mti, ili mwenye shamba na mwenye mifugo wajue mwisho ni wapi. Vijana wa Kusini walitakiwa waanzie barabarani. Wachoraji wa Makao Makuu walitakiwa waanzie mtoni, upande wa Mlimani, wakutane nao katikati.

Wachoraji hao waliongozwa na mdogo wa mwisho wa Bi Mdomo, ambaye watu walimwita Rangi. Mama yao alipofariki Rangi alikuwa bado anatambaa, na Bi Mdomo ndiye aliyembeba mgongoni. Mbele za watu Rangi alimwita dada. Wakiwa wawili tu, alimwita mama.

Sasa alikuwa ndani ya matete. Na leo hakuna mtu aliyeagizwa kuchoma kitu chochote.

Kidole kikiwa juu ya kitufe, Bi Mdomo aliisikia tena kichwani sauti yake mwenyewe ya asubuhi. Alikuwa amesema: Kusini, chora mpaka wa ushoroba, anzia barabarani. Mkuu wa Kusini akarudia, kwa maana utaratibu ni huo, kila anayepokea amri lazima airudie neno kwa neno. Redio ilikuwa inakwaruza. Alirudia akasema nini? Kadiri alivyoisikiliza sauti ile kichwani ndivyo ilivyozidi kuwa wazi. Mkuu wa Kusini alikuwa amesema: choma mpaka wa ushoroba, anzia barabarani, nimepokea. Naye Bi Mdomo akajibu, sawa kabisa, kazi njema.

Na kuchoma mpaka ilikuwa kazi halali kama kuchora. Kabla ya kiangazi kukolea, kila hifadhi huunguza ukanda wa nyasi pembeni mwake ili moto wa nje usipate pa kuingilia. Msimu wake ulikuwa huu huu. Mkuu wa Kusini hakuwa na sababu ya kushangaa. Hakuwa na sababu hata ya kujua kwamba kuna watu mtoni, kwa kuwa kituo kilisomewa kazi yake tu, si ya jirani. Hiyo ilikuwa amri ya Mkurugenzi mwenyewe. Redio si kijiwe, alikuwa akisema; kila mtu na lake.

"Bi Mdomo, upo?" Mnara aliuliza.

"Nipo. Wachoraji umewaona?"

"Waliingia asubuhi wakiimba. Tangu hapo siwaoni, yale matete yanameza mtu mzima."  Mara sauti ya soga ikamwisha. "Ngoja kwanza. Kusini hawajui?"

 Bi Mdomo alimwambia asiondoke hewani, akaanza kuiita Kusini. Aliita kwa jina la kituo, akaita kwa jina la mkuu wake, akaita tena. Redio ilimrudishia mvumo mtupu, kama mafuta yanayokaangwa jikoni kwa jirani. Alijua sababu. Wakati wa kuchoma, gari huegeshwa mbali na moto, na redio hubaki ndani ya gari huku kila mwenye mikono akishika matawi ya kupigia moto. Akachukua simu yake akampigia Rangi. Sauti ya yule mwanamke wa kwenye mitambo ikamwambia kwa adabu kwamba namba haipatikani. Redio ya mkononi ya wachoraji ilikuwa kwa fundi. Ilikuwa kwa fundi tangu mwezi uliopita, na kila mara alipoulizia aliambiwa kifaa kiko njiani.

Alitoka mbio koridoni, viatu akaviacha chini ya meza.

Katibu muhtasi wa Mkurugenzi aliinua macho, akaitazama miguu mitupu, kisha uso. Mkurugenzi alikuwa ndani na wageni kutoka wizarani, mlango umefungwa, na juu ya meza kuu wageni walikuwa wametandikiwa ramani ya ushoroba. Katibu muhtasi alisema kwa upole kwamba ameagizwa asimruhusu mtu hata kama jengo linaungua. Bi Mdomo akamwambia kwamba kweli kuna kinachoungua, na kwamba katika kuungua huko kuna watu. Katibu muhtasi akasimama. Alikuwa mwanamke mwema, lakini alikuwa na miaka mingi ya kuogopa mlango ule, na mkono wake ulifika kwenye kitasa ukasita pale.

"Niandikie kikaratasi nimpelekee," alisema.

Bi Mdomo aliuangalia mkono ule. Aliona kwamba akibaki pale ataandika, na kikaratasi kitapita, na kitasomwa na mtu ambaye kwanza atataka kumaliza sentensi yake. Hakuandika.

"Ingia umwambie kwa mdomo," alisema. "Mimi narudi redioni."

Njiani aliomba, lakini maneno hayakuja. Yalikuja yale ya kila siku tu, linda kinywa changu, naye akayaona machungu, kwa kuwa asubuhi hii pia alikuwa ameyasema.

Mnara alikuwa anamngoja. Alisema moto umeshavuka miti ya kwanza na sasa umeingia kwenye nyasi zenyewe. Alikuwa na gari chini ya mnara. Angeweza kushuka, kufuata mto hadi kwenye matete, kupiga honi mfululizo ili wachoraji wajue maji yako upande gani. Mtu aliye ndani ya matete haoni hata jua limekaa wapi. Akinusa moshi anaweza kuukimbilia akidhani anaukimbia.

"Basi nenda," alisema Bi Mdomo.

"Pale kwenye jiwe la kwanza ndipo mwisho wangu, Bi Mdomo. Nikivuka ni eneo la Kusini. Unajua yaliyompata mwenzetu aliyevuka bila amri." Wote walijua. Alikuwa amefuata majangili ndani ya hifadhi ya jirani, akawakamata, akasimamishwa kazi nao wakaachiwa. "Nipe tu neno la Mkurugenzi. Sema amesema, mimi niwashe gari."

Bi Mdomo alibonyeza kitufe.

Ingekuwa rahisi. Mkurugenzi ameamuru. Maneno mawili, na kila siku alikuwa akiyasema mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe. Nani angemlaumu kwa ajili ya maneno mawili, mbele ya watu wanaokaribia kuungua? Aliyaona yamekaa ulimini, tayari. Lakini katika kazi ile watu waliyaamini maneno hayo kwa sababu hakuwahi kuyasema bure, na neno moja lililopotoka asubuhi lilikuwa limemfikisha hapa. Hakutaka kulitibu kwa la pili. Alifumba macho. Safari hii hakuomba alindiwe chochote. Alisema tu, Bwana, niko hapa.

"Mkurugenzi yuko kikaoni," alisema. "Hajui lolote. Anayekuomba uvuke ni mimi, na mdogo wangu yumo humo. Nimekwambia ukweli, kaka. Chagua."

Redio ilivuma. 

"Unakwaruza sana leo," Mnara alisema hatimaye, taratibu. "Sijakupata vizuri. Nimesikia 'vuka' tu."

Zikasikika hatua za mtu anayeshuka ngazi mbio, kisha mlango wa gari.

Akabaki peke yake na Kusini. Aliita, akaita. Alishika kiti kwa mkono mmoja kama mtu aliye kwenye gari linaloyumba. Hatimaye ukasikika mkwaruzo, na kikohozi, na sauti ya mtu anayetafuna.

"Kusini hapa. Dereva wa gari la maji."

"Mkuu wako yuko wapi?"

Dereva alisema mkuu yuko kule mbele na vijana. Upande wa barabara wamemaliza, umewaka vizuri sana. Sasa wamesogea pale kivukoni, kule mtoni, wanataka kuwasha na upande wa pili ili mioto miwili ikutane katikati ijimalize yenyewe. Alikuwa akimwona kutoka pale alipokaa, amesimama na mwenge mkononi. Mbali kidogo, lakini akimpigia kelele atasikia.

Mioto miwili.  Wa kwanza ulikuwa unawafukuza wachoraji kuelekea mtoni. Wa pili ungewafungia njia.

"Mpigie kelele sasa hivi," alisema. "Mwambie wa..."

Kidole chake kiliruka kutoka kwenye kitufe kana kwamba kimeungua.

Wacha. Ndilo neno lililokuwa linatoka. Mwambie wacha. Angelisema yeye kwenye redio inayokwaruza, dereva alipokee huku anatafuna, alipige kelele kuvuka uwanja wa moto unaopasua matete kama risasi, na kule mwisho wa kelele angekuwepo mtu mwenye mwenge mkononi anayengoja kusikia washa. Angelisikia. Angelisikia kwa hakika, kwa kuwa ndilo alilokuwa anangoja.

Kama yeye mwenyewe alivyosikia chora.

"Makao, sijakupata," alisema dereva. "Nimwambie nini?"

Bi Mdomo alivuta pumzi. Alitafuta neno ambalo halina ndugu. Katika maneno yote aliyoyasema maishani hakuwahi kulitafuta moja kwa bidii kama ile.

"Meza hicho unachotafuna," alisema. "Sasa nisikilize. Zima. Zima moto. Ndani kuna watu. Mwambie: zima, kuna watu."

"Zima, kuna watu," dereva akarudia.

"Usinirudie maneno yangu. Niambie unakwenda kufanya nini."

Dereva alishangaa, hakuwahi kuulizwa hivyo. Kisha akasema kwa haraka, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nakwenda na gari hadi alipo mkuu. Namnyang'anya mwenge. Namwaga maji."

"Hiyo ndiyo. Nenda."

Hakujua Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni tangu lini. Alipogeuka alimwona pale, koti mkononi, na nyuma yake katibu muhtasi na mgeni mmoja aliyenyoosha shingo. Mkurugenzi hakuwa mtu wa kupaza sauti. Aliuliza ni nani amezuia kazi ya kituo, na ni nani amempeleka Mlimani nje ya eneo lake, wakati yeye yuko umbali wa milango michache.

"Ni mimi, mzee," alisema Bi Mdomo. "Na mwanzo wa moto ni mimi vilevile. Nilisema chora, wakasikia choma. Wakanirudia choma, nikasikia chora."

 Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyeweka utaratibu wa kurudia, na alikuwa amejivunia utaratibu huo kwa wageni muda si mrefu uliopita. Alivuta kiti cha plastiki kilichokuwa ukutani, akakaa karibu na redio.

Walingoja. Koridoni mtu alivuta maji chooni, na mabomba yakalia ukutani. Mgeni aliangalia saa yake, akaona aibu, akaushusha mkono. Bi Mdomo alikuwa amelaza viganja vyote viwili juu ya meza. Alimkumbuka Rangi mtoto, jinsi alivyokuwa akijificha chini ya kitanda na kukataa kuitika anapoitwa, mpaka achoke mwenyewe kwa kucheka. Itika, alisema moyoni. Leo tu, itika.

Dereva wa Kusini alikuwa wa kwanza. Upande wa kivukoni haukuwashwa. Mkuu alikuwa amekaribia kumpiga ngumi kabla ya kuelewa, na sasa amekaa chini, haongei. Vijana wanapiga moto wa kwanza kwa matawi, maji yanakaribia kwisha. Watu hawajawaona.

Mvumo tena. Mkurugenzi alifungua kifungo cha shingo.

Kisha honi, ndefu, ikisikika ndani ya redio kama mnyama, na juu yake sauti ya Mnara. "Makao. Nimewapata. Wote wametokea mtoni. Mmoja ameungua mikono, anahitaji hospitali, lakini anatembea. Ndoo zimebaki humo humo." Honi ikakoma. "Kuna mtu hapa anataka kusema. Nimemwambia redio si kijiwe, hanisikii."

Kukawa na mkwaruzo wa chombo kinachopokezanwa, na kikohozi kirefu. Hifadhi zote zilikuwa hewani wakati huo. Habari ilikuwa imeshasambaa, na Bi Mdomo alijua kwamba hata yule wa kisiwani ameacha kupiga miayo anasikiliza.

"Mama," alisema Rangi. "Mlinituma kuchora au kuchomwa?"

 Bi Mdomo alibonyeza kitufe akakiachia, akabonyeza tena. Mkurugenzi aliinama akitazama sakafu, na hapo ndipo alipoiona miguu mitupu ya mfanyakazi wake, akaendelea kuitazama kwa muda.

"Kuchora, mwanangu," alisema mwisho. "Njoo nyumbani."

Alitakiwa aandike maelezo, na aliandika, akaeleza yote kama yalivyokuwa. Mnara naye aliandika kwamba redio ilikuwa inakwaruza, akasikia neno moja tu. Sehemu kubwa ya ushoroba upande wa barabara ilikuwa nyeusi, na mawe yaliyosimama katikati ya majivu yalionekana kutoka mbali kuliko ambavyo rangi yoyote ingeyaonyesha. Aliyeungua mikono alilazwa. Bi Mdomo alikwenda kumwona jioni hiyo, akaketi kando ya kitanda chake. Mtu huyo alimwambia asilie, akidhani anaongea na mke wake.  Dawa za maumivu zilikuwa zimemlewesha. Lakini Bi Mdomo alilia kidogo hata hivyo.

Rangi alimngoja nje ya wodi. Nyusi zake hazikuwepo, na alinuka moshi.  Alimwambia viatu vyake amevileta, vilikuwa chini ya meza ya redio, na kwamba katibu muhtasi amemtuma akamvalishe kwa nguvu.

Asubuhi iliyofuata hakuna aliyekuwa amemwambia asije kazini, naye alikuja. Kiti cha plastiki kilikuwa bado pale kilipoachwa. Mkurugenzi alikuwa amekikalia, karatasi ya kazi za siku ikiwa mkononi mwake. Alimpa. Alisema ameongeza kitu kimoja: kuanzia leo, kituo kikisomewa kazi yake, kisomewe na ya jirani yake.

"Itachukua muda mrefu," alisema Bi Mdomo.

"Itachukua," alisema Mkurugenzi, wala hakuinuka.

Bi Mdomo aliinamisha kichwa. Bwana, linda kinywa changu, alianza, kisha akakomea hapo. Miaka yote alikuwa amekiombea kinywa. Sikio hakuwahi kuliombea. Akaliongeza, akainua kichwa, akabonyeza kitufe.

"Kusini, Kusini, hapa Makao. Leo chora mpaka uliobaki. Mlimani watakuwa mtoni, na wachoraji watakuwa pamoja nao. Niambie unakwenda kufanya nini."

 Sauti ya mkuu wa Kusini ilikuwa ya chini, ya mtu aliyekesha.

"Nakwenda kupaka mawe rangi nyeupe, dada. Rangi ya maji." Akasita. "Na viberiti vyote vya kituo nimewapa wapishi."